Ahadi za Mataifa na Silaha za Nyuklia

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeziumba mbingu na ardhi kwa haki, akamweka mwanadamu awe mtunzaji wa ardhi hiyo wala asiwe mharibifu wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyeushika mwendo wao hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu Waislamu mliokusanyika, nanyi ndugu wasikilizaji mlio majumbani, twawausia na twaziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu. Na katika ucha Mungu huo, leo twataka kuitazama sehemu moja ambayo aghalabu huachiwa wanasiasa, nayo ni kutimiza ahadi baina ya mataifa. Katika ahadi hizo twazichagua zile zilizofungwa kwa ajili ya kuiondoa duniani silaha ya nyuklia.

Huenda mtu akauliza: Tabora na nyuklia, wapi na wapi? Sisi ni watu wa miembe na asali, watu wa njia panda ya reli. Mabomu hayo yamo katika nchi za mbali, na wenye kuyafunga na kuyafungua hawajapata hata kulisikia jina la Unyanyembe. Twajibu kwamba jambo hili limetukaribia zaidi ya tudhanivyo, na njia lililopitia ni njia tuijuayo.

Mnajua kwamba misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda hadi Ugogo, ikafika hapa, na hapa njia ikagawanyika. Mmoja ulikwenda magharibi hadi Ujiji. Mwingine kaskazini, Karagwe na Buganda. Na wa tatu uliteremka kusini magharibi hadi Katanga, nchi ya shaba. Wanyamwezi na ndugu zao Wasumbwa walikuwa mabingwa wa njia hiyo ya tatu. Katikati ya karne ya 19 mmoja wa Wasumbwa hao, Msiri, alikwenda Katanga kama mfanya biashara, akakaa, akawa mtawala mwenye nguvu, na mji wake ukaitwa Bunkeya. Watu wake huitwa Wayeke hata leo. Mwezi wa Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, msafara ambao njia yake ilipita papa hapa Tabora. Nchi ya Katanga ikawa mali ya mgeni pamoja na vyote vilivyokuwa chini ya ardhi yake.

Na chini ya ardhi hiyo hapakuwa na shaba peke yake. Mwaka 1915 iligunduliwa urani mahali paitwapo Shinkolobwe. Ilikuwa urani bora kupita karibu zote zilizopata kuonekana duniani. Kampuni ya Kibelgiji iliyoitwa Union Minière iliichimba, na mwaka 1940 mkuu wake, Edgar Sengier, alipeleka Marekani tani zipatazo 1,200 za mawe hayo, yakawekwa ghalani huko New York. Miaka miwili baadaye jeshi la Marekani likayanunua. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima, na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi hiyo ilitoka Shinkolobwe. Ulipokwisha mwaka ule, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa katika mji huo mmoja: wazee, wanawake, wanafunzi waliokuwa njiani kwenda kazini na shuleni, na watoto wachanga. Wako ambao hawakufa kwa moto, bali kwa maradhi ya mionzi ambayo waganga wao hawakuyajua hata jina.

Tafakarini hali ya mtu wa Katanga aliyeyabeba mawe yale kutoka shimoni. Hakuambiwa ni mawe ya nini. Hakuulizwa kama yu radhi. Mpagazi wa zamani aliyetoka Unyanyembe na pembe ya ndovu begani, japo alitaabika, alijua kwamba amebeba pembe, na alipatana ujira wake kabla ya kuondoka. Na kama ujira ulipunguzwa aliweza kutua mzigo njiani akamgomea kirangozi. Mchimbaji wa Shinkolobwe alibeba mauti ya mji mzima naye hana habari. Haja ya mikataba ya mataifa katika jambo la nyuklia twaiona hapo: mwenye kubeba ajue alichobeba, na mwenye nchi awe na haki ya kusema hapana.

Lakini twawafahamu watu wetu, na twajua kuwa wamo miongoni mwenu wasemao kwamba mikataba ni karatasi za wenye nguvu. Hatutawakemea, kwa kuwa historia ya mahali hapa inawapa hoja. Tarehe 2 Julai 1890, huko Brussels, dola 17 zilitia sahihi mkataba mkubwa dhidi ya biashara ya watumwa, na Zanzibar ilikuwa mojawapo. Kukomesha biashara ile ni jambo la haki, na yeyote aujuaye mji huu anajua dhuluma iliyopita katika njia zake. Lakini ndani ya mkataba uleule mlikuwa na vifungu vya silaha. Vilizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika eneo kubwa la Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini yake. Gumegume na baruti ya kawaida ndizo zilizoweza kuruhusiwa, nazo kwa masharti. Ama majeshi ya dola zenyewe, hayo hayakuzuiwa kitu. Mwaka huohuo bendera ya Wajerumani ilipandishwa Tabora. Mwezi wa Januari 1893 walilivamia boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe, naye alipoona boma limevunjwa aliiwasha ghala yake ya baruti.

Basi mkataba ule uliwapokonya silaha wenyeji na kuwaachia wageni silaha zao. Twaueleza kwa urefu kwa sababu lawama hiyohiyo imetolewa juu ya mkataba mkubwa wa zama zetu, Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, uliofunguliwa mwaka 1968 na kuanza kutumika mwaka 1970. Mkataba huo unazitambua nchi tano kuwa ni zenye silaha hizo, nazo ni Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China. Na mataifa mengine yote yanayoingia yanaahidi kutozitengeneza wala kuzipokea. Mataifa mengi ya Afrika na Asia yaliuliza: kwa nini haramu yetu iwe halali yao? Tanzania nayo ilikaa nje ya mkataba huo zaidi ya miaka 20, ikajiunga mwaka 1991.

Kwa watu wenye shaka hiyo twaleta habari ya Hudaibiya. Mwaka wa 6 wa Hijra, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitoka Madina pamoja na Waislamu wapatao 1,400 kwa nia ya umra, bila ya kukusudia vita. Makureshi wakawazuia, na baada ya mashauri ukafungwa mkataba wa miaka kumi. Masharti yake yalikuwa mazito. Waislamu warudi mwaka ule bila ya kuifikia Al-Kaaba. Mkureshi atakayekimbilia Madina bila ya idhini ya mlezi wake arudishwe, lakini Mwislamu atakayekimbilia Makka asirudishwe. Hata jina la Mtume wa Mwenyezi Mungu lilifutwa katika waraka kwa kuwa Suhail bin Amr, mjumbe wa Makureshi, alilikataa. Na wino haujakauka, akatokea Abu Jandal, mtoto wa Suhail huyohuyo, akiburura minyororo, akiwaomba Waislamu wamwokoe. Hakuna sahaba ambaye moyo wake haukuumia siku ile. Sayyidna Umar aliuliza waziwazi kwa nini wakubali unyonge ilhali wako katika haki. Mtume akamtaka Abu Jandal asubiri, akamweleza kwamba watu hawa wamekwisha kupewa ahadi, na ahadi haivunjwi kwa hiana.

Njiani, walipokuwa wakirudi, ikashuka Suratul-Fat-h, ikiliita tukio lile ushindi. Wanavyuoni wameeleza maana yake: watu walipopata amani waliweza kukutana na kusikilizana, na katika miaka miwili iliyofuata walioingia katika Uislamu walikuwa wengi kuliko wa miaka yote iliyotangulia. Ama Makureshi, walipowasaidia Banu Bakr kuwashambulia Khuzaa waliokuwa katika ahadi ya Mtume, hoja yote iliwaangukia wao mbele ya Waarabu wote, na mwaka wa 8 Makka ikafunguliwa kwa damu kidogo mno.

Tazameni jambo hili kwa makini. Mkataba ule haukuwa na usawa, na kutimizwa kwake ndiko kulikomtia nguvu aliyekuwa dhaifu. Aliyeitimiza ahadi alipata haki ya kuidai. Hivyo ndivyo tunavyouona Mkataba wa mwaka 1968. Kifungu chake cha sita kinawawajibisha wote, na hao watano wakiwamo, kufanya mazungumzo kwa nia njema ya kuziondoa silaha za nyuklia. Mwaka 1996 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilieleza kwamba wajibu huo ni wa kuyafanya mazungumzo na kuyafikisha mwisho wake. Nchi nyingi zisizo na silaha hizo zimeitimiza sehemu yao ya ahadi. Hilo ni deni, na mwenye kudai deni lake hana sababu ya kuona haya.

Wala tusiseme kwamba hakuna lililopatikana. Mwaka 1986 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia vipatavyo 70,000. Sasa idadi yake ni kiasi cha 12,000. Upungufu huo ulitokana na watu kuketi, kuandikiana, na kukubali kukaguliwa. Mkataba wa Desemba 1987 baina ya Marekani na Urusi ya Kisovyeti uliteketeza aina nzima ya makombora. Lakini mkataba huohuo ulikufa mwezi wa Agosti 2019, pande zote mbili zikilaumiana. Katika Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu anatupigia mfano wa mwanamke anayeusokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua mwenyewe vipande vipande. Hatujui mfano unaowasadifu zaidi wakubwa wa dunia hii. Na Sura hiyo yaeleza pia sababu ya kufumua: kundi moja kutaka kuwa na nguvu zaidi kuliko kundi jingine.

Liko swali moja ambalo vijana wetu huliuliza, nalo si la kupuuzwa. Wasema: katika Suratul-Anfal tumeamrishwa tujiandae kwa nguvu tuziwezazo, basi kwa nini Waislamu wasiwe na bomu lao? Pakistan ilipofanya majaribio mwezi wa Mei 1998, baada ya India, wako waliofurahi hata katika miji yetu. Twajibu kwamba Sura hiyohiyo, mara tu baada ya amri hiyo, yatuamrisha kuuelekea usalama pindi adui anapouelekea. Na nguvu iliyoamrishwa ina mipaka. Sayyidna Abubakar alipolituma jeshi Sham aliwakataza wasiue mwanamke, wala mtoto, wala mzee, wasikate mti wenye matunda, wala wasiharibu palipojengwa. Je, ni kombora lipi la nyuklia liwezalo kuushika wasia huo? Likianguka mjini halimbagui askari na mtoto aliye mgongoni mwa mama yake. Huua mti na kisima, na sumu yake hubaki ardhini kwa waliokuwa hawajazaliwa vita vilipopiganwa. Silaha isiyoweza kutii sheria ya vita ya Kiislamu haigeuki kuwa ya Kiislamu kwa kuwa mikononi mwa Mwislamu. Rai yetu ni hiyo, na hatuisemi kwa kuwaogopa wakubwa.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi nanyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Khutba ya Pili

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake mwaminifu.

Ndugu Waislamu, kabla ya kupewa utume, Bwana wetu Muhammad alihudhuria mapatano katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, mapatano yanayojulikana kwa jina la Hilful-Fudhul. Sababu yake ilikuwa mfanya biashara mgeni kutoka Zabid, Yemen, aliyedhulumiwa mali yake Makka na mtu mkubwa. Watu wachache wa mji wakaapa kwamba hatadhulumiwa mtu Makka, mwenyeji au mgeni, ila watasimama naye hadi apate haki yake. Walioapa hawakuwa Waislamu. Lakini Mtume, baada ya kupewa utume, alieleza kwamba lau angeitwa kwenye mapatano kama yale katika Uislamu, angeitika. Kwa dalili hiyo Mwislamu hana kizuizi cha kuungana na wa dini nyingine katika kuondoa dhuluma.

Na wa mji huu wana sehemu yao katika habari hiyo. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Tabora kuanzia mwaka 1937 hadi mwaka 1942, akarudi kufundisha hapa kuanzia mwaka 1946. Hakuwa Mwislamu, alikuwa Mkristo mcha Mungu. Mwezi wa Mei 1984, wakati Marekani na Urusi zilipokuwa hazisemezani, yeye pamoja na viongozi wa India, Sweden, Mexico, Argentina na Ugiriki waliwatolea mwito wenye silaha za nyuklia wasimamishe majaribio, utengenezaji na usambazaji wake. Na Januari 1985 wakaurudia mwito huo Delhi. Hapakuwa hata mmoja kati ya hao sita aliyekuwa na jeshi la kuitisha Moscow wala Washington.

Afrika ilikuwa imeanza mapema. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, katika jangwa la Algeria, ardhi ya Waislamu, bila ya ridhaa yao. Na hadi mwaka 1966 ilikuwa imelipua mara 17 katika jangwa hilo. Mwezi wa Julai 1964, wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Cairo, wakatangaza kwamba bara hili lisiwe na silaha za nyuklia. Tangazo hilo lilingoja miaka 32 kuwa mkataba, kwa kuwa makaburu wa Afrika Kusini walikuwa wakitengeneza mabomu kwa siri. Walitengeneza sita, kisha wakayavunja wenyewe, na nchi hiyo ikaingia katika Mkataba wa Kuzuia Kuenea mwaka 1991. Tarehe 11 Aprili 1996 mkataba wa Afrika ulitiwa sahihi Cairo, ukapewa jina la Pelindaba, mahali penye kituo cha atomiki cha Afrika Kusini. Ulihitaji nchi 28 kuuridhia, na wa 28 hakuwa taifa kubwa: alikuwa jirani yetu Burundi, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 15 Julai 2009. Tangu siku hiyo ni haramu kwa sheria kutengeneza, kuweka au kujaribu bomu la nyuklia katika nchi zilizouridhia, na ni haramu kutupa humo taka za mionzi. Marekani ilitia sahihi itifaki zake mwaka 1996. Zilipopelekwa mbele ya Seneti yake mwaka 2011, hazikuridhiwa.

Uko na mkataba wa karibuni zaidi. Tarehe 7 Julai 2017, katika Umoja wa Mataifa, nchi 122 zilipiga kura kuupitisha mkataba unaozipiga marufuku kabisa silaha za nyuklia, kwa mwenye nguvu na kwa mnyonge sawasawa. Lile donda la Brussels, la sheria kumfunga mmoja na kumwacha mwingine, humo halimo. Ulianza kutumika tarehe 22 Januari 2021. Tanzania ilitia sahihi tarehe 26 Septemba 2019. Kongo, nchi ya Shinkolobwe, iliuridhia tarehe 22 Septemba 2022. Wenye mabomu hawakuhudhuria hata meza ya mazungumzo, na twajua kwamba sheria isiyowafunga waovu ina upungufu mkubwa. Lakini Makureshi nao hawakuketi Hudaibiya kwa hiari ya mioyo yao. Waliketi kwa kuwa makabila yalikuwa yakiwatazama.

Sasa lililo juu yetu. Urani haiko Katanga peke yake. Imepatikana Namtumbo katika Mkoa wa Ruvuma, na imetafutwa Manyoni na Bahi, mahali ambapo misafara yetu ilipita na reli yetu inapita. Mwenye kuchimba madini hayo atasema ni kwa ajili ya umeme na tiba, na huenda akasema kweli; kuyatumia kwa manufaa hakukatazwi na mkataba wowote katika hii tuliyoitaja. Lakini mikataba hiyo imetupa haki ya kuuliza. Urani yetu inakwenda kwa nani? Je, inakokwenda inakaguliwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki? Mchimbaji ameelezwa nini juu ya mionzi, na maji ya kijiji yanapimwa na nani? Mbunge aulizwe maswali haya kama anavyoulizwa juu ya bei ya tumbaku. Walimu wa madrasa wawafundishe watoto habari ya Hudaibiya pamoja na habari ya Hiroshima. Na mwenye kufanya kazi forodhani, bandarini au katika behewa la mizigo akumbuke kwamba ahadi ya taifa hukaa mikononi mwake siku anapofunga macho kwa ajili ya bahasha.

Ewe Mwenyezi Mungu, warehemu waliokufa Hiroshima na Nagasaki, na waliobeba mawe ya Shinkolobwe wasijue, na watu wa Reggane waliofukiwa na vumbi wasiloliomba. Zilainishe nyoyo za wenye kushika silaha hizi waitimize ahadi yao. Wape viongozi wetu ujasiri wa kuwadai. Ilinde nchi yetu na nchi za jirani zetu, Burundi na Kongo, na uwape watu wa mashariki ya Kongo amani waliyokosa kwa muda mrefu. Amin.

Simamisheni swala.